Mtelezo Uliopendeza kwenye Karatasi

Mara ya kwanza programu ilinichorea mwavuli uliokanyagwa na lori. Mara ya pili ikanichorea kitu kama tambi zilizomwagika. Mara ya tatu haikuchora chochote. Iliniandikia sentensi nyekundu ya kunilaumu, nami nikaijibu kwa sauti, maneno ambayo mama mwenye heshima zake hayatamki mbele ya mtoto.

"Mama unagombana na nani?" Bonge akauliza. Alikuwa amekaa chini ya meza akimvalisha mwanasesere soksi yangu.

"Na kompyuta."

"Imekupiga?"

"Bado."

Wifi yangu alicheka mpaka akaweka nguo chini. Kila Jumapili mchana alikuja kunishikia mtoto, ndivyo alivyosema, ila mtoto alikuwa ananing'inia miguuni kwangu na yeye alikuwa kwenye kochi anakunja nguo zake mwenyewe. "Wifi na wewe bwana. Watu wazima wanachora kwa penseli. Kama ni mtelezo wa watoto, si uchore ngazi, uchore na ubao wa kuteremkia, yaishe?"

"Huu unajipinda, wifi. Unazunguka nguzo."

"Basi chora ubao uliolewa."

Nikarudi kwenye kompyuta. Ningemjibu tungefika usiku.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa karani kwenye karakana ya vyuma. Kazi yangu ni kupokea simu, kuandika risiti, na kuwaambia wateja kwamba fundi yuko njiani wakati namwona kwa dirisha anakunywa chai. Ndani ya ofisi ile kulikuwa na meza ya michoro. Mchoraji wetu alikuwa amehama, na tangu aondoke meza imegeuka mahali pa kuwekea vikombe. Mimi nilikuwa nasoma hisabati na kompyuta kwenye masomo ya jioni, na kila nikipita pale nilikuwa naitazama ile meza kama mtu anavyotazama nyumba ya kupanga ambayo ameshajipangia kitanda kitakaa wapi.

Ndipo chekechea moja ya jirani ikaagiza mtelezo. Si ule wa kawaida. Walitaka watoto wapande ngazi, wakae juu, wateremke kwa makalio huku wanazunguka nguzo hadi chini. Mwenye karakana akaniita.

"Mama Bonge, wewe si unasoma hayo mambo? Nichoree huu. Ukitoka vizuri, meza ni yako. Ukiniharibia, unarudi kwenye simu, na habari za masomo ya jioni tusizisikie tena humu ndani."

Kwa hiyo Jumapili ile sikuwa nachora picha. Nilikuwa nachora kiti changu.

Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba uso wowote uliopinda unaweza kuuita kwa herufi mbili. Kwa mtelezo wangu, herufi u inasema uko mbali kiasi gani na nguzo. Herufi v inasema umeizunguka nguzo kiasi gani. Unaiambia programu: kwa kila u na kila v, nukta iko hapa upande, hapa mbele, na hapa juu. Kadiri v inavyokua, unazunguka na unashuka. Programu inazishona nukta zote pamoja, na uso unatokea, unaweza hata kuugeuza kwa kidole uutazame tumboni. Darasani ulitokea kwa raha zote. Nyumbani, mwavuli.

Nilisoma mstari mmoja mmoja kama mtu anayetafuta chawa. Kisha nikaliona kosa. Nilitaka nusu mzunguko, nikaandika v iende hadi mia na themanini, kwa sababu kichwani kwangu nusu mzunguko ni nyuzi mia na themanini. Programu haijui nyuzi. Inahesabu kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, na kwake nusu mzunguko ni pai, tatu na ushee tu. Mimi nilikuwa nimemwambia mtoto wa watu azunguke nguzo mara ishirini na kitu kabla ya kufika chini! Nikabadilisha nambari moja. Nikabonyeza.

Ukatoka.

Jamani, ulikuwa mzuri. Mpana, umelala kwa upole, umejikunja kama shuka linaloteleza kitandani. Bonge akatoka chini ya meza, akaweka kidole juu kabisa, akakiteremsha taratibu hadi chini ya kioo, akiacha alama ya mafuta ya mandazi njia nzima.

"Konokono," akasema. "Tena."

Hata wifi aliinuka kwenye kochi. "Haya, huo umetulia," akasema, na kutoka kwa wifi yangu hiyo ni shahada.

Jumatatu nikaichapa picha, nikampelekea mwenye karakana. Huyu mzee watu wote wanamwita Jicho, hata mkewe. Hapimi kitu. Anafumba jicho moja, ananyoosha mkono, anasimamisha kidole gumba, kisha anakata. Na cha kuudhi ni kwamba geti linaingia. Miaka yote mageti yanaingia. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Akafumba jicho moja, akaitazama karatasi. "Umejipinda vizuri."

"Fundi, hiyo ni ya kutazama tu. Vipimo nakuletea kesho nikishavipitia."

"Sawa, sawa."

Ningejua. "Sawa, sawa" ya Mzee Jicho ni mlango unaofungwa taratibu usikusumbue masikioni.

Kesho yake sikwenda kazini. Bonge aliamka mwili unachemka, tukashinda zahanati kwenye benchi, yeye amelala kifuani kwangu, mimi nimemwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso na nazigeuza nambari zangu kichwani. Ilikuwa mafua tu, wakatupa dawa ya maji. Jumatano akawa ananyang'anyana tena vitu na shangazi yake, yule wifi yangu, aliyekuja kumshika, nami nikaenda kazini moyo mweupe, vipimo vyangu ndani ya mkoba.

Kwenye uwanja wa karakana kulikuwa na mabati yamekatwa. Yalikatwa kama mapanga ya feni, vipande vikubwa, vimepangwa ukutani, na kingo zake zimeshasagwa kwa grainda zikang'aa. Kimoja tu kingetosha kuwa mlango wa choo.

"Shikamoo fundi. Haya mabati ni ya nini?"

"Marahaba. Ya nini tena? Mtelezo wako."

"Lakini vipimo sijakupa."

"Nimejipimia."

"Umejipimia wapi?"

Akatoa karatasi yangu mfukoni, imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole cha grisi katikati. Juu ya picha yangu nzuri alikuwa amepiga mistari ya penseli. "Njoo uone. Kimo tunakijua, mita mbili na kidogo. Kwenye karatasi kimo ni sentimita kumi. Upana ni sentimita kumi na nane. Kwa hiyo upana ni karibu mita nne. Hesabu hiyo hata Bonge anaiweza."

Nikaitazama ile mistari ya penseli. Mtelezo niliouandika mimi haukufika hata mita mbili kwa upana.

"Fundi, umeipima picha kwa rula?"

"Mchoraji wetu wa zamani nilikuwa napima picha zake. Sentimita moja kwake ilikuwa sentimita moja. Mtu mwaminifu."

"Huyo alikuwa anachora kwa mkono! Hii ni programu. Usipoiambia, inachukua mchoro wowote na kuunyoosha ili ujaze kisanduku chake. Mita moja ya kwenda juu na mita moja ya kwenda pembeni hazilingani kwenye hiyo karatasi."

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepata homa. "Mama Bonge. Mita ni mita."

"Duniani, ndiyo. Kwenye karatasi hiyo, hapana."

"Sasa kwa nini ichore kitu ambacho si chenyewe?"

"Ili kionekane vizuri."

"Kwa hiyo imenidanganya."

"Haijakudanganya, imeandika nambari pembeni, hizi hapa, ndogondogo..."

"Mtu anayeandika ukweli kwa maandishi madogo pembeni, kwenu mnamwitaje?"

Kinachochosha kuhusu Mzee Jicho ni kwamba katikati ya upuuzi wake anaokota jambo la maana, halafu analishika kama fimbo.

Nikaingia ofisini, nikasukuma vikombe, nikafungua kompyuta yangu niliyokuja nayo. Nilitaka kumwonyesha tofauti. Kuna amri moja, neno moja tu, unaiambia programu ilinganishe mihimili yote mitatu, wa upande, wa mbele na wa juu, mita iwe mita. Niliijua. Tulifundishwa. Sikuiandika Jumapili kwa sababu picha ilishapendeza, na mtu akishapendezwa hatafuti tena. Nikaiandika. Nikabonyeza.

Picha ikajikunyata. Lile shuka lililolala likasimama wima, likawa jembamba, likapanda juu kama ngazi ya kwendea darini. Nikadhani nimekosea. Nikaangalia nambari. Zilikuwa zilezile, zangu, zile nilizokuwa nazo ndani ya mkoba.

Basi nikakaa nikahesabu kama nilivyotakiwa kuhesabu tangu mwanzo. Mtoto akikaa katikati ya bati, safari yake nzima ya kuzunguka haifiki hata mita mbili, na wakati huohuo anashuka mita mbili na zaidi. Huko si kuteleza. Huko ni kuanguka ukiwa umekaa.

Rula ya Mzee Jicho ilikuwa imekosea. Na mimi nilikuwa nimekosea kabla yake.

Hapo ndipo aliposimama mlangoni. Hasira ilikuwa imempungua, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hatari kuliko hasira. "Haya, yameisha. Mabati nitayafanyia kitu kingine. Nipe hizo nambari zako, nikate upya. Mwalimu Mkuu wa chekechea anakuja sasa hivi, usimwambie habari za rula. Mwambie bati lilichelewa."

Nambari zilikuwa ndani ya mkoba. Zilikuwa safi, zimepigwa mstari chini. Angezikata zilivyo, kwa sababu safari hii angetaka kunionyesha kwamba na yeye anaweza kufuata vipimo. Meza ingekuwa yangu kabla ya chakula cha mchana. Na kioo kilikuwa mbele yangu kinanionyesha mtoto wa mtu anatoka juu anafika chini bila kugusa katikati.

"Fundi, nambari zangu nazo hazifai."

"Unasemaje?"

"Ni mkali mno. Watoto wataumia. Picha ilinionyesha umelala, nikaamini."

Akavua kofia. Akaivaa tena. "Subiri. Umenifokea uwanjani, mbele ya vijana wangu, kwamba nimepima picha. Sasa nani amekosea, mimi au wewe?"

"Wote wawili. Wewe umeipima, mimi nimeiamini."

"Mimi nimekata kwa sababu ya karatasi yako!"

"Na mimi nilikwambia ni ya kutazama tu!"

"Kuna mtu gani anachora mtelezo wa kutazama?"

Tulikuwa hapohapo, sauti zimepanda, Mwalimu Mkuu wa chekechea alipoingia. Mama mnene wa makamo, mkoba mkononi, miwani kwenye kamba shingoni, na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watu hamsini kwa mpigo.

"Nimesikia kelele toka barabarani. Hodi nimepiga, hamjibu. Mtelezo wangu uko wapi? Fundi alinitumia picha kwa simu, nimeiweka kwenye ubao wa matangazo, wazazi wameipenda mno."

Ametuma picha. Kwa simu. Nikamtazama Jicho. Jicho akatazama dari.

"Bati lilichelewa," akasema.

"Bati halikuchelewa," nikasema mimi. "Mchoro una kosa, mwalimu. Hauwezi kutengenezwa ulivyo, watoto wataanguka."

Jicho akapiga meza, vikombe vikaruka. "Basi meza hii usahau! Rudi kwenye simu yako!"

Na hapo nikachoka. Nilichoka na programu inayopamba mambo, nikachoka na rula, nikachoka na "sawa, sawa", nikachoka na watu wanaopenda picha. Sikujua kwamba nimesimama mpaka nilipojikuta namtazama mzee wa watu usoni.

"Sawa, fundi. Narudi kwenye simu. Lakini simu hiyohiyo ndiyo watakayopiga wazazi mtoto akivunjika mkono. Na mimi ndiye nitakayeipokea. Niwaambie nini? Niwaambie fundi yuko njiani?"

Nje grainda ilizimwa, maana vijana nao walikuwa wanasikiliza.

Mwalimu Mkuu akavaa miwani yake. "Binti, hebu nionyeshe."

Nikamgeuzia kompyuta. Nikamwekea picha ya Jumapili, kisha nikaandika lile neno moja, picha ikasimama wima mbele yake. Akarudi nyuma nusu hatua. "Mungu wangu. Na zote mbili ni kitu kimoja?"

"Ni nambari zilezile. Hii ya kwanza imenyooshwa, hii ya pili ndiyo yenyewe."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilikaa kwenye mkono wa kiti, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa na koti la Jicho. Nikaanza kubadilisha. U isianzie karibu na nguzo, kwa sababu karibu na nguzo mzunguko ni mfupi na bati linashuka wima kama genge. Ianzie nusu mita, iishie mita moja na kidogo. V isiishie nusu mzunguko, iende robo tatu. Kila nikibadilisha nabonyeza, mihimili ikiwa imelingana, na kila nikibonyeza mtelezo unafunguka kidogo na kulala kidogo. Si kama ule wa Jumapili. Huu ulikuwa mfupi wa shingo, mnene, hauna madaha. Lakini ulikuwa mtelezo.

"Zungusha mzunguko mzima basi, ulale zaidi," Mwalimu Mkuu akasema. Alikuwa amenisogelea hadi miwani yake inanigusa sikio.

"Ukizunguka wote mtoto anatokea chini ya ngazi, anagongana na mwenzake anayepanda."

"Eh, kweli. Na utachukua nafasi gani hapo kwangu?"

"Mita mbili na nusu kila upande, na mahali pa kutulia mbele yake."

"Binti! Hapo kuna maua yangu!"

"Itabidi yahame, mwalimu."

"Yamechanua juzi tu!" Alishika kifua kama nimemwambia habari ya msiba. Kisha akatazama tena ile picha ya wima, akavuta pumzi. "Yatahama. Lakini ile picha nzuri naiacha kwenye ubao. Hii yako mpya ni mbaya."

"Mwalimu, ile si ya kweli."

"Najua. Ila ni nzuri."

Nikainamisha kichwa. Kuna siku unaelewa kwamba huwezi kushinda yote.

Wakati huo Jicho alikuwa amesogea kimyakimya nyuma yetu. Akafumba jicho moja, akasimamisha kidole gumba mbele ya kioo. Alikitazama kioo muda mrefu hata nikaogopa atatoa penseli. "Huu unateleza," akasema hatimaye. Kisha akachungulia dirishani, kwenye yale mabati yake makubwa kama milango ya choo. Uso ukaanza kufunguka. "Mama Bonge. Huu mpya ni mpana kuliko wako wa kwanza."

"Ni mpana, fundi."

"Kwa hiyo mabati yangu yakipunguzwa nje, yakapunguzwa na ndani, yanaingia."

Nilitaka sana iwe hapana. Nikahesabu, nikahesabu tena. "Yanaingia. Ila hayatoshi, yalikuwa ya nusu mzunguko. Tunahitaji mengine ya kuongezea."

"Si nilisema!" Akamgeukia Mwalimu Mkuu, mikono kiunoni. "Niliyakata makubwa makusudi. Jicho liliniambia."

Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikatazama kioo, nikapumua kwa pua kama alivyotufundisha mkunga.

"Utakuwa tayari lini?" Mwalimu Mkuu akauliza, na kwa mazoea akamgeukia Jicho.

Jicho alishafungua mdomo. Nililijua neno linalokuja, ni "kesho kutwa", analowapa wateja wote, wa dirisha na wa jengo zima. Lakini halikutoka. Alinitazama, akaitazama simu iliyokuwa pembeni yangu, akafunga mdomo. Akaenda kwenye kiti, akaondoa koti lake. Akabeba vikombe vitatu kwa mkono mmoja, akapangusa meza kwa mkono wa shati.

"Muulize mchoraji," akasema, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Nikakaa. Kiti kilikuwa kifupi, meza ikanifika kifuani, na mguu mmoja wa meza ulicheza. Nikaivuta kompyuta karibu.

"Subirini kwanza nihesabu mabati," nikasema.

Na wote wawili wakasubiri.